Kigong'ota wa Kijani na Mizinga ya Lovrenc

Zavrh, 8 Novemba 1953

Kaka Lovrenc,

Naomba barua hii ikukute umeketi kitandani, si umelala, na homa imekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku tupo. Mama analalamikia magoti kila asubuhi na kuyasahau kila mchana, kwa kuwa ana kabichi za kukata na pipa la kujaza. Nguruwe amenenepa hata hawezi kugeuka bandani. Jirani Gašper anakusalimu. Ameng'olewa meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka huku amefunika mdomo kama bibi harusi. Mimi bado niko kiwanda cha mbao, natoka alfajiri narudi jioni.

Mama anasema nikukumbushe ahadi yako, basi nakukumbusha. Mwezi wa tano ulitoroka hospitali ukaja kwa treni kwa sababu nyuki walikuwa wanahama, ukafika mlangoni na damu kwenye leso. Daktari alituambia wazi, mimi na mama tumesimama mbele ya meza yake kama watoto watundu, kwamba ukitoroka mara ya pili kitanda anapewa mwingine, na pafu lako halitakungoja. Kwa hiyo kaa hapo. Mizinga yako ishirini na miwili niachie mimi.

Na hiyo mizinga ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kuna kigong'ota anagonga uani. Namsikia nikinywa kahawa ya shayiri, mara kwenye mti wa jozi, mara kama upande wa nyumba ya nyuki. Gašper anasema vigong'ota wote ni wezi na anataka kuja na bunduki. Mimi kwangu ndege ni ndege. Niambie, huyu ni wa kuogopwa au nimwache?

Mdogo wako,
Polona

*

Hospitali, 22 Novemba 1953

Polona mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tatu kwa sauti, kwa sababu jirani yangu wa kitanda aliomba. Anaitwa Štefan, fundi viatu kutoka ng'ambo ya mto Mura, na amenisimulia mke wake mpaka nahisi nimemwoa mimi. Tunalazwa barazani nje, kofia kichwani na blanketi tatu, hata theluji ikianguka, eti baridi ni dawa. Nakula vizuri. Mwambie mama ahadi naishika.

Sasa wewe. Unasema ndege ni ndege, na umekulia katika nyumba ya mfuga nyuki. Baba angekuwa hai ungelala bila chakula.

Uani kwetu huja vigong'ota wa namna tatu, na ukiwachanganya unamwua rafiki na kumwachia mwizi mlango wazi. Wa kwanza ni wa madoa. Mweusi na mweupe, na chini ya mkia ni mwekundu kana kwamba amekalia divai. Dume ana kipande chekundu kisogoni, jike hana, na makinda yana kofia nyekundu nzima, ndiyo maana kila kiangazi Gašper anatangaza kwamba ameona ndege mpya. Huyu anaishi mtini. Sauti yake ni fupi na kavu, kama mkasi uliokata mara moja. Anakula wadudu waliojificha ndani ya gome, na wakati wa baridi anabana jozi kwenye ufa wa mti na kuipasua. Atakuibia jozi kumi. Mpe.

Wa pili ni wa kijani, na ni mkubwa, karibu sawa na njiwa. Mgongo kijani, kiuno manjano ambacho unakiona akiruka, kofia nyekundu toka paji mpaka kisogoni, na weusi kuzunguka jicho. Ana sharubu shavuni. Za dume zina wekundu katikati, za jike ni nyeusi tupu. Huyu utamkuta chini kwenye nyasi, kwa kuwa riziki yake ni sisimizi, na ulimi wake ni mrefu ajabu na unanata. Hapigi ngoma kwenye miti kama yule wa kwanza. Anacheka, na kicheko chake kinavuka bonde zima. Wa tatu ni ndugu yake, lakini kichwa chake ni cha kijivu, na wekundu ni doa dogo tu juu ya paji la dume. Naye anacheka, ila kicheko chake kinashuka na kupungua kasi, kama mtu aliyekumbuka msiba katikati ya mzaha.

Wa kijani ndiye wa kumwogopa. Theluji ikifunika vichuguu vya sisimizi, anabaki na njaa, naye anakumbuka mizinga. Anang'ang'ania ubao wa mbele, anatoboa, anaingiza ulimi. Nyuki atakaowala si hoja. Hoja ni kule kugonga. Wakati wa baridi nyuki wamejikusanya kama ngumi, wanapashana joto, na wakishtuliwa wanatawanyika. Nyuki aliyetoka kwenye kundi siku ya baridi harudi.

Fanya hivi. Tundika wavu mbele ya nyumba ya nyuki, mbali na mbao kwa urefu wa mkono, ili ulimi usifike. Halafu usiguse mzinga wowote mpaka Machi, hata kwa upole, hata kwa kufuta vumbi. Na uniandikie upesi: ana rangi gani, anakaa mtini au chini, anacheka au hacheki.

Kaka yako,
Lovrenc

*

Zavrh, 20 Desemba 1953

Kaka Lovrenc,

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Tulichinja nguruwe, na unajua kazi yake: siku tatu mikono iko ndani ya utumbo na soseji za damu. Mama ameweka pembeni kipande cha paja chenye jina lako, na paka amepigwa marufuku kukitazama. Theluji imefika dirishani. Posta sasa inakuja mara moja kwa juma, ikipenda.

Wavu nimeutundika kama ulivyosema, Gašper alishika ngazi na mimi nilipanda. Bahati mbaya alikuwa ameshampiga risasi mmoja kabla barua yako haijafika. Alikuwa mweusi na mweupe, mwekundu chini ya mkia. Nilimsomea maelezo yako juu ya rafiki na mwizi, akavua kofia, akasema hakujua.

Vinginevyo hakuna la kukusumbua. Anayekuja ni wa madoa tu, mwenzake yule aliyeuawa, na tumemzoea. Asubuhi anacheka kule kwenye miplamu utadhani Gašper wa zamani, mwenye meno yote, na mama anasema angalau kuna mmoja mwenye furaha hapa kijijini. Nyuki waliofariki ni wachache, wale wa kawaida wa kila mwaka. Nawafagia mbele ya mizinga na kuwazika kwenye theluji, maana kwetu nyuki hufariki kama watu.

Wewe lala, kunywa maziwa, usiwe na wasiwasi.

Polona

*

Hospitali, 3 Januari 1954

Polona,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama. Naandika kwa penseli kwa sababu wino unamwagika ukiandika umelala. Si kitu, ni mafua. Nimeongezeka kilo mbili.

Wa madoa hacheki. Nilikuandikia wazi, kama mkasi uliokata mara moja. Na hashindi kwenye miplamu, pale chini ndipo penye vichuguu vya sisimizi tangu baba akiwa kijana. Umenielezea ndege mmoja lakini ni wawili, na wa pili namjua kuliko ninavyokujua wewe, kwa sababu yeye hajawahi kunidanganya.

Niambie mizinga mingapi imetobolewa. Nilikukataza kuigusa, lakini mara hii moja niambie ukiweka sikio kwenye ubao na kugusa kwa kucha unasikia nini. Wakivuma kidogo na kunyamaza, wazima. Wakiendelea kulia bila kukoma, hawana malkia. Ukisikia kimya, usiniandikie kwamba ni wachache wa kawaida.

Nimeipata barua yako baada ya kuingoja majuma sita. Wiki zote hizo sikuandika kwa kuwa nilikuwa nangoja yako, na nilikuwa nangoja yako kwa sababu hapa sina kingine cha kungoja. Štefan amenishonea soli mpya. Viatu viko chini ya kitanda. Usiponiandikia ukweli nitakuja kuuona mwenyewe.

Lovrenc

*

Zavrh, 30 Januari 1954

Kaka yangu,

Barua yako imefika juzi, siku ishirini na tano njiani. Sitakuuliza hali, kwa sababu nimeona mwandiko wako unavyopanda na kushuka. Mimi ni mzima. Mama hajambo kwa mwili.

Nilikudanganya. Nilipoandika ile ya Desemba mizinga mitatu ilikuwa imeshakufa. Alikuwa wa kijani, dume, mwenye wekundu kwenye sharubu, nimemtazama uso kwa uso. Nilichelewa kuandika si kwa sababu ya nguruwe. Nilichelewa kwa sababu sikujua kudanganya, na kila jioni nilianza karatasi nikaitupa motoni. Niliogopa utakimbia hospitali. Nilitaka uishi, Lovrenc, sikutaka kingine.

Lakini huko kuchelewa kwangu ndiko kulikoleta lililo baya zaidi. Tangu Novemba mpaka katikati ya Januari hapakuja barua yako hata moja. Tarehe kumi na mbili mama alikuwa peke yake jikoni, mimi niko kazini. Wavu ulikuwa umelemewa na theluji upande mmoja, yule ndege akapata nafasi. Mama alisikia kutoka nyumba ya nyuki kugonga mara tatu, kimya, mara tatu, kimya, mara tatu. Wewe unajua kwetu ni lini mizinga inagongwa mara tatu tatu. Aliigonga hivyo yeye mwenyewe alipofariki baba.

Hakutoka kuangalia ni nani. Alivaa nguo nyeusi, akamwita Gašper, akamwambia Lovrenc amekufa na nyuki wameshaambiwa na mtu asiye wa nyumba hii, kwa hiyo ni lazima waambiwe upya kwa heshima. Gašper alilia kama mtoto na hakumuuliza amejuaje. Wakauteremsha wavu ili mizinga isikie vizuri. Wakagonga mmoja mmoja, na kwa kila mmoja mama akasema, bwana wenu amefariki, sasa bibi yenu ni Polona, kaeni msiondoke. Kisha wakainyanyua yote, mmoja baada ya mwingine, wakaisogeza kidogo kutoka mahali pake kama inavyotakiwa. Wazee wawili, mikono inatetemeka, baridi ya kupasua mawe. Kila mzinga waliutua kwa kishindo.

Niliporudi walikuwa jikoni wanakunywa chai, wametosheka kwamba wamekutendea haki. Nilikimbia na taa. Nikaweka sikio. Kesho yake wa kijani akaja kuwafuata waliotawanyika, na kabla sijautundika wavu tena alikuwa ameshatoboa mbao tisa. Imebaki mizinga sita. Hiyo sita inavuma kidogo na kunyamaza.

Mama havui nyeusi. Nilimsomea barua yako ya juzi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unasoma vizuri, Polona, ila usinitungie. Lovrenc hajawahi kuandika kwa penseli." Anakula kijiko kimoja cha uji kwa siku. Nguo zako amezikunja akazifungia sandukuni.

Najua sasa unataka kuvaa viatu. Nakupigia magoti, usije. Ukija utafia njiani, na mama atakuwa amesema kweli.

Polona

*

Hospitali, 14 Februari 1954

Polona,

Salamu zako nimezipata na za mama nimezihisi. Mimi na Štefan tumehamishiwa ndani kutoka barazani, bado tuko karibu. Mimi nimepewa kitanda cha dirishani.

Nilivaa viatu. Nilifika getini. Bawabu alinikuta nimekaa juu ya jiwe nikitema damu kwenye theluji, akanirudisha kwa mkokoteni wa makaa. Kitanda hawakukichukua. Daktari alisema mtu aliyefika getini tu hajatoroka, ametembea.

Sina hasira nawe. Gašper mwambie nampenda. Na yule wa kijani asimpige risasi. Jana nilimwona mmoja hapa chini ya dirisha, amechimba shimo kwenye theluji mpaka amezama mabega, anatafuta kichuguu. Alichimba asubuhi nzima, akitoa kichwa kila mara kuangalia kama kuna adui. Ni njaa, Polona. Hajui kwamba kuna mtu aliyesema ile mizinga ni yake.

Na mimi nilikuficha jambo. Sikuongezeka kilo, nimepungua tisa. Tangu Oktoba wanataka kunikata, kuniondoa mbavu saba upande wa kulia ili pafu lilale na kidonda kifunge. Wanasema bila hivyo sifiki kiangazi. Nilikataa. Nilimuuliza daktari kama mtu wa namna hiyo anaweza kunyanyua mzinga, akaniambia hata ndoo ya maji hatanyanyua. Basi nikasema nitapona bila kukatwa au nibaki hivi hivi, lakini mfuga nyuki asiyeweza kunyanyua mzinga ni mtu wa kukaa juani tu.

Ungedhani kwamba sasa, mizinga ikiwa imekwisha, nitakubali. Mimi pia nilidhani. Lakini nimejiuliza, nikatwe ili nikafanye nini? Karatasi yao iko mezani bila saini na itabaki hivyo.

Nakuomba kitu kimoja. Mlete mama anione Jumapili moja, barabara zikifunguka. Asiendelee kufa kwa ajili yangu wakati bado napumua. Akiniona ataamini.

Lovrenc

*

Zavrh, 9 Machi 1954

Kaka yangu,

Tulifika nyumbani salama. Magoti ya mama yamevimba lakini anatembea. Naandika yaliyotokea Jumapili ingawa ulikuwepo, kwa sababu uligeukia ukuta na sijui uliona kiasi gani.

Mama alisimama miguuni pa kitanda chako akakutazama muda wa kusali Baba Yetu mbili. Ulimwita. Akakuwekea blanketi vizuri mabegani, akanigeukia, akasema, "Siye huyu. Wangu alikuwa na mashavu." Kisha akamsalimu Štefan na kwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani, akingoja nimalize. Pale ukumbini muuguzi, akidhani anaongea na mama mzazi, alimweleza kila kitu juu ya ile karatasi.

Kwenye treni nilimwambia, mama, yule ni Lovrenc, nakuapia. Akanigonga mkono kidogo. "Polona, nimemzaa mimi. Usinifundishe." Nikalia mpaka watu wakatazama. Hakuniuliza nalilia nini. Tulipopita vituo vitatu hivi ndipo akasema, "Yule maskini wa dirishani ana mama?"

Nikasema anaye.

"Anajua hali yake?"

Nikasema hajui.

Jana asubuhi nilimkuta amewasha jiko. Alivunja jozi za bakuli zima, akakanda unga, akaoka potica, ule mkate wetu wa jozi, mkubwa kama wa Pasaka, na wakati inaiva akala bakuli la uji hadi chini, la kwanza tangu Januari. Kisha akaniketisha mezani akaniambia niandike, na nisibadilishe neno. Naandika alivyosema.

"Bwana mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Unisamehe sikukusalimu vizuri, nilikuwa nimekuja kumtafuta wangu. Nakutumia mkate wa jozi, kula polepole. Muuguzi ameniambia hutaki wakukate kwa sababu hutaweza kunyanyua kitu. Mimi nina miaka sabini na mitatu, sinyanyui kitu, na bado nimo. Wangu aliondoka bila kuniuliza. Wewe wa kwako hajaulizwa bado. Ungemuuliza, angekwambia ukubali, kwa sababu mama hahesabu mbavu. Kama ukipona na huna pa kwenda, hapa kuna chumba kitupu. Kuna na mizinga sita ambayo binti yangu haijui. Huna haja ya kuinyanyua. Utakaa kwenye kigoda umwambie la kufanya, ana mikono yenye nguvu. Mimi Uršula, mama wa marehemu Lovrenc."

Hayo ndiyo maneno yake.

Polona

*

Hospitali, 14 Machi 1954

Mama Uršula,

Shikamoo. Mkate umefika mzima. Kipande kikubwa amekula Štefan, lakini na mimi nimekula viwili.

Nimetia saini. Watanikata Jumanne asubuhi. Mama yangu ningemwandikia mwenyewe, ila hivi sasa hataamini, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Nisipoamka, usilie tena, umeshalia. Nikiamka, nitakuja kwenye kile chumba.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani